Namba Tafadhali

Kazi yangu mimi ni kubeba makumbusho na kuyapeleka darasani. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndivyo ilivyo. Jengo letu lina vyumba vitatu, na wageni wa wiki nzima unaweza kuwahesabu kwa vidole ukabaki na vya kushikia kikombe cha chai. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba kama watoto hawaji kwetu, sisi tutawafuata. Kila Jumatatu na Alhamisi mimi na dereva tunapakia sanduku la bati garini, tunakwenda shule moja. Ndani mna vitu vya mji huu huu: muhuri wa posta ya zamani, pasi ya mkaa ya dobi wa hospitali, daftari la mahudhurio la shule ya kwanza, picha za barabara kuu kabla haijawekwa lami. Si vitu vya wafalme. Ni vya watu waliokuwa wakiamka asubuhi kwenda kazini.

Alhamisi ninayotaka kuisimulia tulikuwa na kitu kipya, kikubwa mno kuingia sandukuni: kipande cha ubao wa simu. Kabla ya simu za mkononi mji wetu ulikuwa na chumba cha simu nyuma ya posta. Ukitaka kumpigia mtu, unazungusha mkono wa simu yako, opereta anaitika kule, unamtajia namba, naye anakuunganisha kwa kuchomeka waya kwenye tundu. Ubao ule ulikuwa umekaa ghalani kwetu miaka na miaka ukila vumbi. Kipande chetu kilikuwa na matundu ishirini na tano, na chini yake nyaya zenye ncha za shaba zilizopangwa safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Nilikuwa nimesoma karatasi mbili kuuhusu, nikajiona mtaalamu.

Lilikuwa darasa la sita, watoto hamsini na watatu. Mwalimu wao, mwanamume mrefu mwenye sweta lililofumuka kiwiko, alinipokea mlangoni bila kutabasamu.

"Karibu, Mama. Nakupa dakika arobaini. Mtihani uko karibu, na hawa hesabu zimewashinda."

Akaenda kukaa nyuma na rundo la madaftari, akaanza kusahihisha kana kwamba mimi sipo.

Nikaweka ubao juu ya meza mbili zilizounganishwa. Watoto wakasogeza shingo. Nikavuta waya wa mbele, nikauchomeka kwenye tundu namba nane kwa mbwembwe zote.

"Haya. Mtu wa namba nane anapiga. Opereta anamjibu hivi."

Mkono ukanyanyuka safu ya pili. Wa msichana mwembamba, meno ya mbele makubwa, kola ya shati imeshonwa upya kwa uzi usiofanana rangi.

"Samahani, Mwalimu. Hapo umekosea. Anayepiga anajibiwa kwa waya wa nyuma. Huo wa mbele ni wa anayepigiwa."

Darasa likacheka. Mtu akanong'ona, "Redio ameanza!"

"Redio, kaa chini," mwalimu alisema bila kuinua macho.

"Wewe umejuaje?" nikamuuliza.

"Bibi yangu alikuwa opereta. Yeye ndiye Namba Tafadhali."

Hapo kicheko kilipasua darasa. Baadaye niliambiwa kisa. Redio lilikuwa jina la utani la yule mtoto, maana alikuwa hodari wa kutia chumvi. Alishawahi kuwaambia wenzake kwamba mjomba wake aliwahi kuendesha ndege kutoka kiti cha abiria, na kwamba paka wao anajua siku za wiki. Kwa hiyo bibi opereta waliona ni yale yale. Msichana akakaa, uso chini, akichezea ile kola.

Mimi nilibaki nimeshika waya. Safu ya mbele, safu ya nyuma. Nilikuwa nimeufuta vumbi ubao ule kwa mikono yangu, tundu baada ya tundu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini nyaya zilipangwa mbili mbili. Nilimaliza kipindi nikiongea kama kawaida, lakini nilijua naongea hewa.

Kengele ilipolia nikamwita pembeni.

"Bibi yako yupo?"

"Yupo nyumbani. Anashona." Akanitazama kwa wasiwasi. "Mwalimu, sikukusudia kukuaibisha."

"Hukuniaibisha. Nataka kumwona."

Alitabasamu mpaka yale meno yote yakatoka nje.

*

Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mlango wa bluu. Bibi tulimkuta barazani mbele ya cherehani, amezungukwa na sare za shule za kurefusha pindo. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mgongo umenyooka kama wa askari. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Dereva alikaa kwenye ngazi. Mjukuu alishaanza kusimulia kabla hatujakaa vizuri: alivyonyoosha mkono, walivyomcheka, nilivyomwita.

"Umemkosoa mgeni mbele ya watu?" Bibi akamkatiza.

"Alikosea, Bibi!"

"Hata kama. Nenda kachemshe maji ya chai." Mtoto alipoingia ndani, yule mama akanigeukia. "Lakini ni kweli ulikosea?"

"Nilikosea."

"Waya wa mbele?"

"Wa mbele."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama fundi aliyeona ukuta umejengwa upogo. "Ungemuunganisha mtu na nafsi yake."

Tukacheka. Nikamweleza kazi yetu na sanduku letu, nikamwomba aje Alhamisi ijayo aongee na watoto mwenyewe. Akainua mikono yote miwili.

"Mimi? Nikaseme nini? Historia ni ya watu waliofanya mambo, mwanangu. Mimi nilikuwa nachomeka waya. Miaka kumi na saba nimechomeka waya, wakaleta mitambo ya kujiunganisha yenyewe, wakatupa barua ya kutushukuru, tukaenda nyumbani. Basi."

"Hayo hayo ndiyo ninayotaka uyaseme."

"Watalala."

"Mimi nimewaongelea dakika arobaini nisichokijua na hawakulala. Wewe unakijua."

Mguu wake ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani, ukipiga taratibu bila kushona kitu.

"Vizito vyake mnavyo?" akauliza ghafla.

"Vizito gani?"

"Vya nyaya. Kila waya chini yake una kizito cha madini ya risasi kwenye kigurudumu kidogo. Ukichomoa, kizito kinauvuta waya unarudi kwenye shimo lake wenyewe. Bila vizito ubao wako ni sahani ya tambi." Akaonyesha ukubwa kwa kidole gumba na cha shahada. "Kama hivi. Vya mviringo, vina kitundu juu."

Vile vitu nilikuwa navijua. Vilikuwa kwenye droo ya chini katika chumba cha pili, juu ya kitambaa chekundu, na kibao kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: *Mawe ya mizani ya dukani, vipande kumi na kimoja.*

*

Mhifadhi wetu ndiye aliyeandika kibao kile. Ni mtu wa vipimo na kalamu ya wino, zamani alikuwa fundi redio, na hapendi kuambiwa jambo na mtu asiye na karatasi mkononi.

"Mizani," alisema. "Nimeiandika mwenyewe. Uzito wake unakaribiana."

"Unakaribiana na nini?"

"Na mizani."

"Vyote kumi na kimoja vina uzito sawa, Mzee wangu. Mwenye duka gani alikuwa na mawe kumi na kimoja yenye uzito mmoja?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaifungua ile droo, akatoa kimoja, tukaenda nacho ghalani kwenye ile sehemu ya chini ya ubao tusiyoisafirisha. Alipiga magoti kwenye saruji na suruali yake iliyopigwa pasi. Akaning'iniza kizito kwenye kigurudumu, akapitisha waya, akauvuta juu, akauachia.

Waya ukashuka *fyuu*, ukakaa kwenye shimo lake, ncha ya shaba juu, wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

Mhifadhi aliutazama. Akauvuta tena. Akauachia tena. Mara ya tano nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani amekasirika. Kumbe anacheka.

"Miaka minane," alisema, akijifuta macho. "Miaka minane nawaonyesha wageni mizani ya dukani! Na mmoja aliwahi kuniuliza ilikuwa ya kupimia nini, nikamwambia sukari." Akanyanyuka, akajikung'uta magoti. "Huyo mama yuko wapi? Mwambie aje. Na mwambie ubao utafanya kazi. Zile simu mbili za kuzungusha zilizo kabatini, nitazitia betri."

Nilimpelekea Bibi habari hiyo siku ya pili yake. Alisikiliza yote, akacheka kuhusu sukari mpaka akajishika mbavu, halafu akasema, "Basi nitakuja. Siwezi kumwacha mwanamume wa watu amepiga magoti bure."

*

Alhamisi alikuja na gauni la kijivu lenye vifungo vyeupe, viatu vimepigwa rangi. Mhifadhi naye alikuja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Yeye na dereva waliubeba ubao wote safari hii, na vizito vyake. Simu moja waliiweka kwenye dawati la mwisho darasani, nyingine wakaivuta kwa waya mrefu kupitia dirishani hadi chumba cha walimu, ng'ambo ya uwanja.

Bibi alivuta kiti. Akakisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo. Akavaa kifaa cha masikioni, kile chenye kipaza sauti kinachokaa kifuani, akakirekebisha bila kukitazama. Kisha akaweka mikono mapajani, akasubiri. Watoto hamsini na wawili walimkodolea macho. Wa hamsini na tatu, Redio, alikuwa chumba cha walimu na simu ya pili, amepewa kazi ya kupokea.

Mhifadhi akamtikisia kichwa mvulana wa dawati la mwisho. Mvulana akazungusha mkono wa simu. Kwenye ubao kilango kidogo cha tundu namba nane kikaanguka, *tak*.

Mkono wa Bibi ulikwenda wenyewe. Waya wa nyuma, tundu namba nane, kiswichi mbele.

"Namba tafadhali."

Sijui nieleze vipi sauti ile. Haikuwa ya mama aliyetuchekea barazani. Ilikuwa nyororo, ya wima, haina haraka wala haina kuchelewa. Sauti inayokufanya uhisi kwamba shida yako, yoyote iliyo, imeshafika kwa mtu. Nyuma ya darasa, mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari na kalamu nyekundu ikabaki hewani.

"Na... namba kumi na nne," mvulana alisema, amesahau pumzi.

"Kumi na nne, subiri kidogo." Waya wa mbele, tundu kumi na nne, kitufe cha kuita. Ng'ambo ya uwanja kengele ya simu ikalia, tukaisikia kupitia dirishani. Na mara kwenye simu ya mvulana, kwa sauti iliyosikika hadi kwangu, "HALO! NI MIMI!"

Darasa lililipuka. Walisimama juu ya madawati, wakapiga makofi, na mwalimu hakumwambia yeyote akae. Mazungumzo yalipokwisha Bibi alichomoa nyaya zote mbili kwa pamoja, akaziachia, zikarudi zenyewe mahali pake, na mhifadhi akanitazama kama mtu aliyezaa.

Kila mtoto alitaka kupiga. Zile dakika arobaini hakuna aliyezikumbuka tena. Redio aliporudi darasani akitweta, wenzake walimpisha njia hadi mbele, na yule aliyenong'ona wiki iliyopita ndiye aliyemwachia kiti. Ndipo maswali yakaanza.

"Bibi, ulikuwa unasikiliza watu wanachosema?"

"Tulikula kiapo kutosikiliza."

"Lakini ulikuwa unasikiliza?"

"Kidogo tu. Ili kujua kama wamemaliza." Akangoja wacheke. "Wengine walikuwa hawamalizi."

"Ni simu gani hujaisahau?"

Akawaambia habari za mzee mmoja aliyestaafu, aliyekuwa akipiga kila siku saa kumi alasiri kuuliza ni saa ngapi. Saa ya ukutani alikuwa nayo. Waliisikia ikigonga nyuma yake. Maopereta walikuwa wanne, na wote wanne walijua kwamba anachotaka si saa. Kwa hiyo wa zamu alimtajia, akamuuliza amelalaje, amekula nini. Siku moja saa kumi ikafika, hakupiga. Robo saa ikapita. Wakamwita tarishi, wakamtuma na baiskeli. Akamkuta ameanguka bafuni, mguu umevunjika, hawezi kuifikia simu.

"Akafa?" sauti ndogo ikauliza.

"Afe? Aliishi miaka sita mingine, na saa kumi alipiga kila siku. Akawa anauliza na habari za yule tarishi."

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Sijui kwa nini sikuwaza mapema. Labda kwa sababu nyumbani kwetu hadithi ya kuzaliwa kwangu ilikuwa ya mama na baba, na dada wa simu alipita katikati tu, hana uso. Sasa nilimwona amekaa mbele yangu. Nikanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Bibi, naomba na mimi niulize."

"Uliza, mwanangu."

Nikawaeleza, yeye na watoto. Baba yangu alikuwa karani wa kiwanda cha mbao nje ya mji. Mama alikuwa na mimba yangu, mimba ya kwanza, na alikwenda ofisini kumpelekea baba chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, daraja limefunikwa. Uchungu ukamshika pale pale, kabla ya siku zake. Baba akazungusha simu, akamwambia opereta, "Niunganishe na zahanati, mke wangu anazaa." Zahanati hakuna aliyepokea. Baba akakata tamaa, akataka kuiweka simu chini. Dada wa simu akamwambia, "Usikate. Baki hapo hapo." Akapiga nyumba ya mkunga, hayupo. Akapiga kwa jirani yake, dukani, shuleni, akamfuata nyumba kwa nyumba hadi akampata kwa fundi cherehani anapimwa nguo. Mkunga asingeweza kuvuka daraja. Na laini ilikuwa mbovu kiasi kwamba yeye na baba hawakusikiana. Lakini opereta aliwasikia wote wawili. Basi mkunga akawa anasema, dada wa simu anarudia neno kwa neno, baba anafanya. *Mwambie avute pumzi. Mwambie asisukume bado. Shika kichwa, usivute.* Nilizaliwa juu ya meza ya karani, mikononi mwa baba, na aliyekuwa akimwelekeza hakumwona, na jina lake hakuliuliza.

"Miaka thelathini na tisa iliyopita," nikasema. "Mama hunisimulia kila mwaka. Naomba kujua kama ni wewe."

Hakuna mtoto aliyejikuna. Redio alikuwa amemshika bibi yake bega, macho yanang'aa, na nilijua anaomba kwa moyo wake wote jibu liwe ndiyo.

Bibi alivua kile kifaa cha masikioni.

"Zamu ya mchana," alisema taratibu. "Mwaka ule wa mvua. Zamu ya mchana tulipokezana, mimi na wenzangu watatu. Simu za uzazi zilikuwa nyingi, mwanangu. Nyingi kuliko unavyodhani. Nimemtafuta mkunga kwa fundi, kwa msusi, hata msibani. Ya kiwanda cha mbao..." Akafumba macho. Akayafungua. "Siikumbuki. Huenda ni mimi. Huenda ni mwenzangu. Ningependa kukwambia ni mimi, nakuona unavyonitazama. Lakini nitakuwa nimesema uongo mbele ya watoto."

Nakiri kwamba kitu kilinidondoka moyoni. Halafu nikamtazama vizuri, gauni lake la kijivu na viatu vilivyopigwa rangi, na nikaona kwamba haidhuru. Kama si yeye siku ile, alikuwa yeye siku nyingine, kwa mtoto mwingine aliyezaliwa juu ya meza nyingine.

"Basi naomba niwashukuru wote wanne," nikasema. "Upokee wewe kwa niaba yao."

Nikapiga goti pale mbele ya darasa, nikamshika mikono. Ilikuwa mikavu, ina alama za sindano.

"Wawili wametangulia," alisema. "Mmoja yupo. Anaishi kwa mwanawe, mbali kidogo, mimi huongea naye kila Jumapili. Nitamfikishia." Akaongeza kwa sauti ya chini ambayo nadhani ni sisi wa mbele tu tulioisikia, "Unajua, kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kurudi. Si kwa ubaya. Ukishawaunganisha, wao wanaongea wenyewe kwa wenyewe, wanamaliza, wanakata. Nilidhani wametusahau kabisa. Kumbe kuna nyumba ambako bado tunasimuliwa."

Mhifadhi alikuwa amegeukia dirisha, akijifanya kukagua waya.

*

Jioni ile nilimpigia mama nikamweleza. Akaniambia nimpe namba ya Bibi haraka. Baadaye nikamuuliza kama ameitambua sauti.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Siku ile mimi nilikuwa nasikia kelele zangu tu, aliyeshika simu alikuwa baba yako, Mungu amrehemu. Lakini tumeongea saa nzima na dakika kumi. Kesho ananielekeza jinsi ya kukata shingo ya gauni."

Tangu wakati huo Bibi huja nasi Alhamisi, na siku hiyo cherehani huisubiri mpaka arudi. Kibao cha mizani kimeondolewa, na kipya amekiandika mhifadhi kwa wino ule ule, chini ameweka: *Maelezo kwa hisani ya opereta aliyevitumia.* Redio bado anatia chumvi, lakini siku hizi wenzake humuuliza maswali kabla ya kucheka, maana hawana hakika.

Nami nimebadilika kazini. Nikifungua sanduku sianzi tena kueleza. Nakiinua kitu juu, nauliza, "Nani nyumbani kwao kuna mtu anayekijua hiki?" Halafu nasubiri. Mara nyingi hakuna. Mara nyingine mkono unanyanyuka.

Jumamosi moja, wiki chache baada ya mtihani, nilimkuta mwalimu wa darasa la sita amekaa kwenye ngazi za makumbusho, sweta lake lile lile, baiskeli imeegemea ukuta. Kando yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa gunia.

"Nimekuja kukushukuru," alisema, akisimama. "Nikuombe na radhi kwa siku ile ya kwanza, sikukupokea vizuri. Halafu nina ombi."

Akafungua gunia. Kilikuwa chuma kirefu kama fimbo ya mchungaji, juu kina mkono wa kupinda, chini kina tundu la pembe nne.

"Ni cha baba. Alikuwa anafungulia maji ya mji. Mtaa kwa mtaa, kwa zamu, alijua valvu zote zilipo chini ya barabara. Nimeishi naye nyumba moja maisha yangu yote, hiki chuma kimesimama nyuma ya mlango, na sijawahi kumuuliza hata siku moja." Akapangusa uso kwa mkono wa sweta. "Nawafundisha watoto wa watu na sijui kazi ya baba yangu. Mtu akienda kuuliza, unadhani atasema?"

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaota jua."

Nikaingia ndani kuchukua daftari na kinasa sauti. Hatukusubiri gari. Tulikwenda kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli, mimi nimebeba kile chuma begani, na watu njiani wakitushangaa.

Mzee alikuwa kwenye kiti uani, kofia imefunika paji. Alimwona mwanawe, akaniona mimi, kisha akakiona chuma chake. Akanyoosha mikono miwili kukipokea. Alikipima uzito kidogo, akakigeuza tundu juu, akapuliza vumbi.

"Baba," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule, "tumekuja utufundishe."

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akihakikisha hatufanyi mzaha. Kisha akasogeza miguu kutupisha kivulini.

"Kaeni, basi," alisema. "Tutaanzia juu kwenye tangi, ndipo tushuke."